Nyumba Njema si Mlango, Hata Iwe ya Mwanasesere

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeitia katika insha ili kumfurahisha mwalimu, kisha tukaifungia daftarini. Leo nataka kuitoa huko niipeleke kwenye zile nyumba ndogo za mfano tunazounda kwa ajili ya maonyesho ya vyama na ya sayansi, nyumba ambazo wengine huziita kwa dharau nyumba za wanasesere. Maoni yangu nayatoa mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kunishikia. Nyumba ya mfano yapasa kumalizwa ndani na kutiwa njia za stima ingali wazi, kuta zikiwa zimelala mezani, kabla gundi haijashika na kabla paa halijafunika. Na kazi hiyo ifanywe na mwanafunzi mwenyewe, si fundi wa kulipwa.

Najua kuna watakaocheka. "Huyu naye! Shida zote tulizo nazo, ameona nyumba za wanasesere tu!" Cheka, ndugu msomaji, lakini usifunge ukurasa.

Hebu tuangalie jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Siku chache kabla ya maonyesho kikundi hukutana chini ya mti. Boksi la sabuni hutafutwa dukani, au vipande vya plaiwudi huombwa kwa seremala. Siku ya kwanza kuta husimamishwa na kugundishwa. Siku ya pili paa huwekwa, karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa ifanane na mabati. Siku ya tatu ni ya rangi, na hapo kila mtu hutaka kushika burashi. Nyumba inang'aa kama bibi harusi. Ndipo mmoja anauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza:

"Na taa je, zitapita wapi?"

"Tutaona baadaye."

"Baadaye lini, na paa limeshagundishwa?"

"Si utoboe tu hapo juu!"

Basi msumari unapashwa moto, paa linatobolewa, waya unapitishwa juu kama mkia wa panya, na balbu moja inaning'inia katikati ya nyumba yenye vyumba vinne. Siku ya maonyesho swichi inabonyezwa, madirisha yanawaka, wageni wanapiga makofi. Hakuna anayechungulia ndani. Angechungulia angeona sakafu haipo, dari haipo, na ukutani pa sebule pameandikwa "upande huu juu" kwa herufi za boksi la sabuni. Hiyo ndiyo nyumba tunayoipa nambari wani!

Kosa hapa si uvivu peke yake. Kosa ni mpangilio wa kazi. Nyumba ya mfano iliyopimwa vizuri mara nyingi huundwa kwa skeli ya 1:12, yaani sentimita 1 ya mfano ni sentimita 12 za nyumba ya kweli. Chumba chenye kimo cha mita 2.4 kinakuwa na sentimita 20 tu. Mlango wa mita 2 haufiki hata sentimita 17. Mkono mtupu utaingia, lakini mkono ulioshika burashi yenye rangi au chuma cha kulehemu hautageuka humo bila kuharibu kitu. Kwa hiyo mwenye kufunga paa kwanza amejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Kila atakalofanya baadaye ni kuchungulia na kubahatisha.

Ajabu ni kwamba watoto wadogo hawafanyi kosa hili. Sote tumecheza kalongolongo. Hapa kwetu Bumula mtoto huunda nyumba yake kwa udongo na mabua ya mahindi, na mwanasesere wake ni wa nyuzi za mgomba. Mtazame anavyoanza. Huanza na mafiga matatu ya jiko, kisha pa kulala mtoto, kisha pa kukaa mgeni. Ukuta ni mstari tu aliouchora ardhini kwa kijiti. Kwake nyumba ni maisha ya ndani, ukuta ni mpaka. Sisi tuliosonga mbele kimasomo ndio tuliopindua mambo, tukaanza kuipenda sura ya nje.

Tusidhani pia kwamba nyumba ya mwanasesere ni jambo la kitoto kila mahali. Kule Uingereza, katika kasri la Windsor, iko nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyobuniwa na msanifu Sir Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924. Skeli yake ni hiyo hiyo ya 1:12. Ndani yake mna taa za umeme zinazowaka, maji yanayotoka mferejini na lifti zinazopanda na kushuka. Ganda lake la nje hunyanyuliwa juu ili mtazamaji aone vyumba, maana aliyeibuni alijua kuwa watu wataijia ya ndani. Mwaka huo wa 1924 Kenya ilikuwa koloni, na babu za babu zetu katika wilaya iliyoitwa North Kavirondo walikuwa wakilipa kodi ya kibanda kwa nyumba ambazo hazikujua stima ni nini. Mwanasesere wa malkia aliwashiwa taa kabla yao. Silisemi hili ili tulie. Nalisema ili tujue kuwa kazi ya kutia taa katika nyumba ndogo ilifanywa na mafundi wazima wenye akili timamu, wala hawakuona haya.

Sasa turudi nyumbani, maana huku ndiko jambo hili linakouma. Mradi wa Last Mile ulianza mwaka 2015, na ada ya kuunganishiwa stima ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Milingoti ikaingia vijijini. Wengi tukafurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi, hasa sisi wa shule za kutwa ambao vitabu tunavisomea nyumbani usiku. Lakini nyumba nyingi zilizopata stima zilikuwa zimesimama kwa miaka. Zilikwisha kukandikwa au kupigwa lipu, zikapakwa chokaa, watu wakahamia. Stima ilikuja baadaye, kama ile taa ya kutobolewa paani. Kwa nyumba za udongo zisizofaa kuchimbwa ukuta, kulitumika redibodi, yaani kibao chenye swichi, soketi na kishikio cha balbu vilivyounganishwa tayari. Hiyo ilikuwa busara. Hatari huanza baada ya hapo, mwenye nyumba anapotaka taa nyingine chumbani na soketi nyingine jikoni.

Nenda uangalie mwenyewe, msomaji. Utaona waya mwembamba umepigiliwa ukutani kwa misumari iliyopindwa. Utaona maungio yamesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa karatasi ya plastiki. Utaona waya umepita chini ya godoro, au juu ya kenchi ambapo panya hula chochote kilaikacho. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Hiyo haina mchezo wala undugu. Maungio yaliyolegea hupata moto, waya mwembamba uliobebeshwa pasi na jiko hupata moto, na paa la nyasi halihitaji kuambiwa mara mbili. Ndiyo maana sheria inataka kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Lakini watu husema, "Aa, ni kataa kamoja tu," wakamwita kijana wa jirani.

Huyo kijana wa jirani ni nani? Ni sisi. Ni yule aliyemaliza Kidato cha Nne juzi, akajifunza kwa kutazama. Na kama alichojifunza shuleni ni kutoboa paa kwa msumari wa moto kisha akapigiwa makofi, tumlaumu kwa nini? Samaki mkunje angali mbichi. Nyumba ya mfano ni mahali ambapo mtu anaweza kukosea kwa volti 4.5 za betri tatu, akarekebisha, akakosea tena, na hakuna atakayezikwa.

Nimesema mpangilio ndio jambo. Acha nieleze ninavyouona, na kila hatua ina sababu yake.

Hatua ya kwanza ni kuisimamisha nyumba kwa selotepu bila gundi. Itazame, ipime, kisha andika kwa penseli nyuma ya kila ukuta: huu wa mbele, huu wa jikoni, huku ni juu. Weka alama pa swichi na pa taa. Halafu ibomoe na uilaze tena mezani. Anayeruka hatua hii hugundua mlango wa chumba unafungukia kitanda.

Hatua ya pili ni kupitisha paipu. Fundi wa nyumba za kweli huchimba ukuta na kulaza paipu za plastiki na visanduku vya swichi kabla ya lipu. Sisi paipu zetu ni mirija ya soda au ganda la kalamu iliyokwisha wino. Zilaze katika mfereji uliochongwa nyuma ya ukuta, au chini ya sakafu iliyoinuliwa kidogo kwa vijiti. Wapo wanaouliza, "Je, waya ukikatika ndani ya ukuta tutabomoa nyumba?" Swali ni zuri, na jibu lake ni hiyo paipu. Waya ulio ndani ya paipu huvutwa ukatoka na mwingine ukaingia. Uliofunikwa kwa gundi na karatasi ndio usiotoka.

Hatua ya tatu ni umalizio wa ndani. Ukuta ukiwa umelala, rangi haichuruziki. Karatasi ya kubandika haifanyi makunyanzi. Zulia la kitambaa linakatwa kwa wembe mahali penye mwanga, si kwa kupapasa. Dari, fremu za madirisha na mbao za chini ya ukuta huwekwa sasa.

Hatua ya nne ni kuvuta nyaya, mbili kwa kila taa, nyekundu na nyeusi, kila moja ikiwa na kibandiko cha jina la chumba chake. Jaribu kila taa kwa betri kabla ya kugundisha. Ikigoma sasa, utaitengeneza kwa dakika tano.

Hatua ya tano ni kuunganisha kuta kwa gundi, kujaribu taa tena, kisha kuweka vyombo. Paa huja mwisho, nalo lisigundishwe. Liegemee tu, au lishikwe upande mmoja kwa ukanda wa kitambaa ili lifunguke kama kifuniko cha sanduku.

Walimu wetu wa Fizikia watakubaliana nami kwamba hesabu nayo imo. Balbu nyeupe ya LED huhitaji kama volti 3. Betri tatu za volti 1.5 zikifuatana hutoa volti 4.5. Volti 1.5 zilizozidi lazima zipate pa kwenda, la sivyo balbu inaungua. Hapo ndipo tunaweka rezista. Tukitaka mkondo wa ampia 0.02, tunagawanya 1.5 kwa 0.02, tunapata ohm 75. Dukani utapata ya ohm 82 au 100. Ukiweka ya 100, mkondo unashuka hadi ampia 0.015 na taa bado inawaka vizuri. Huu ndio ule uhusiano wa Ohm tunaoukariri kwa herufi tatu bila kuuona ukifanya kazi.

Tena ukiunganisha taa mbili nyeupe kwa kufuatana, zitadai volti 6 na betri zako zina 4.5 tu, basi giza. Ukiziunganisha kwa njia sambamba, kila chumba na njia yake na rezista yake, taa ya jikoni ikifa ya sebuleni inaendelea. Nyumba zetu za kweli zimeunganishwa hivyo hivyo. Na LED ina upande wa kuingilia na wa kutokea, ule mguu mrefu ni wa chanya. Ukiigeuza haiwaki, wala haina haja ya kutupwa.

Vifaa havihitaji mkoba wa mtu tajiri. Tochi zilizoharibika na taa za sola zilizokufa zina LED na swichi ndani yake. Chaja mbovu zina waya. Redio kuukuu ina rezista tele. Mafundi wa redio sokoni huwa na debe zima la takataka hizo, na ukimwamkia fundi kwa adabu atakuruhusu uchakure. Lakini nawaonya wenzangu juu ya mambo mawili. Betri za simu kuukuu tusiziguse, kwa sababu zikitobolewa au nyaya zake zikigusana zinaweza kulipuka moto. Na nyumba ya mfano isichomekwe kamwe kwenye soketi ya ukutani, hata kama kuna mtu anajigamba kuwa anajua.

Sisi wa shule ya kutwa tuna jambo jingine la kuzingatia. Wenzetu wa bweni huiacha nyumba yao darasani. Sisi tunaibeba. Inatoka Kabula au Siboti kwa miguu au kwa bodaboda, barabara ina mashimo, na mvua za hapa kwetu mnazijua. Waya uliosokotwa tu kwa vidole hautafika. Ni lazima ulehemiwe au ubanwe kwa konekta ya skrubu, halafu ufungwe kwa utepe. Nyumba iwekwe juu ya ubao mmoja imara na betri zifungwe chini ya ubao huo zisicheze. Naona hii kuwa faida. Kazi inayostahimili bodaboda ni kazi iliyofanywa sawasawa, na jaji asiyeijua barabara yetu atashangaa tu kwa nini taa zetu hazizimiki.

Sasa nije kwenye neno ambalo huenda likawaudhi wavulana wengine. Mimi ni msichana, na katika vikundi vingi najua kazi yangu kabla sijafika: kushona mapazia. Mvulana atapewa koleo na bisibisi hata kama hajui upande wa kushika. Siku ya maonyesho yeye ndiye atakayeeleza jinsi mkondo unavyopita, nami nitasimama kando nikishika kitambaa cha kufutia vumbi. Mapazia si kazi duni, nayapenda. Lakini nyumba moja ina mapazia na ina nyaya, na mtu anayeishi humo hutumia vyote viwili. Usiku fyuzi ikikatika na baba hayupo, mama na binti ndio walio ndani. Kwa nini binti huyo awe hajawahi kushika waya? Na kijana atakayepanga chumba mjini Kitale au Bungoma, ni nani atakayemshonea pazia? Tubadilishane. Kila mmoja afanye chumba kimoja kizima, kuanzia paipu hadi pazia.

Kuna jambo la kununua nalo. Wadogo zetu wa mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, huagizwa mara kwa mara walete vitu vya kuunda. Nia ni njema kabisa. Lakini jioni utamwona mzazi akihangaika kutafuta fundi wa kumtengenezea mtoto nyumba, au akiitengeneza mwenyewe mpaka usiku wa manane huku mtoto amelala fofofo. Asubuhi mtoto anabeba kazi asiyoijua. Ugonjwa huo umeanza kutuambukiza hata sisi wakubwa. Nyumba inaletwa imekamilika, mbao zimepigwa msasa, rangi imekauka, na kikundi kizima hakijui swichi inakata waya gani. Fundi simlaumu, anatafuta riziki yake. Ninayemlaumu ni yule anayetoa alama kwa kazi ya fundi akaiandika kwa jina la mwanafunzi.

Wengine watasema mtihani wa KCSE hauulizi mapazia ya mwanasesere. Ni kweli. Lakini Fizikia ya Kidato cha Kwanza ilikuwa na betri na mizunguko rahisi, ya Kidato cha Tatu ina mkondo na ukinzani, ya Kidato cha Nne ina stima ya nyumbani, na karatasi ya tatu ni ya vitendo. Vyote hivyo vimo ndani ya boksi moja. Na maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari, yale ambayo wazazi wetu waliyaita Science Congress, huanzia ngazi ya kaunti ndogo na kupanda hadi ya taifa. Jaji wa huko hataridhika na makofi. Atauliza, "Fungua nione."

Mwingine ataniuliza haya yote yanahusu vipi Chama cha Kiswahili. Yanahusu sana! Ukitaka kujua umaskini wa Kiswahili chetu, mwambie mwanafunzi ataje sehemu za nyumba anayolala. Atasema "ukuta", "mlango", "dirisha", kisha ataanza kuonyesha kwa kidole na kusema "ile kitu". Kumbe tuna msingi, sakafu, kizingiti, mwimo, dari, kenchi, pao, mwamba wa paa, lipu na baraza. Tuna patasi, keekee, msasa, koleo, bisibisi na lehemu. Maneno haya tukiyasoma katika kamusi hutoweka baada ya juma moja. Tukiyaandika kwenye vibandiko vidogo ndani ya nyumba ya mfano, kila kibandiko mahali pake, hayatatoka kichwani. Mtu hasahau neno "kenchi" akiwa amezigundisha kenchi sita kwa mkono wake.

Basi napendekeza mambo manne kwa walimu wetu wapendwa na kwa viongozi wa vyama.

Mosi, siku ya maonyesho paa lifunguliwe kwanza, na nusu ya alama ziwe za ndani: umalizio, nyaya na usalama wake. Rangi ya nje ingoje zamu yake.

Pili, kila mwanachama wa kikundi aulizwe swali moja kuhusu chumba alichokifanya. Akishindwa kueleza, chumba hicho kisihesabiwe. Wa kununua watajulikana bila kutajwa.

Tatu, vikundi vichanganye wavulana na wasichana, na kazi igawanywe kwa vyumba, isigawanywe kwa jinsia.

Nne, nyumba moja iliyo bora ihifadhiwe kila mwaka katika maabara, ikiwa na vibandiko vya Kiswahili, ili wanafunzi wapya wajifunzie. Mara nyingi nyumba hizi, maonyesho yakiisha, huishia kuwasha moto wa chai. Kazi ya siku nyingi inakuwa majivu ya asubuhi moja.

Simaanishi kwamba sura ya nje haina maana. Kila mtu hupenda nyumba yenye uso mzuri, nami pia. Lakini ya nje inaweza kupakwa rangi upya mwaka wowote. Waya uliopitishwa vibaya ndani ya ukuta hukaa humo kimya miaka mingi, watu wakila, wakilala na kusoma kando yake, wala hautoi taarifa siku utakapoamua kuwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuungua haujengeki kwa urahisi. Tujifunze kazi hii mapema, kwa betri tatu na boksi la sabuni, ili siku moja mama mmoja wa Khasoko au Kimaeti atakapomwita kijana wa jirani amwongezee taa, kijana huyo ajue pa kupitisha waya. Na akiona kazi imemzidi, awe na akili ya kusema, "Mama, hii tumwite mwenye leseni."

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye yake na ayalete katika toleo lijalo, tujadiliane.

Mwanachama, Kidato cha Tatu.